Kampala inaihitaji valvu ile kuliko Dallas

Kila nikiwaeleza watu wa nyumbani Arua, Uganda, kwamba huku Texas huwezi kujichukulia kazi ya kumfungia mtu springla za bustani bila leseni ya jimbo, wanacheka. Leseni ya kumwagilia majani! Majani yenyewe hayaliwi na mtu, wala mbuzi haruhusiwi kuyakaribia. Nami nilipofika nilicheka vilevile. Leo nina hiyo leseni, nakula kwayo hapa Dallas, na naweza kusema kwamba sehemu kubwa ya sheria hii Uganda inaweza kuiacha ilipo. Sehemu moja tu tunaihitaji, ile ya kuzuia maji machafu yasirudi kwenye bomba la maji ya kunywa, na tunaihitaji kuliko Wamarekani.

Texas ilianza kuwapa mafundi wa umwagiliaji leseni mwaka 1979. Siku hizi msimamizi ni TCEQ, tume ya jimbo inayoshughulikia mazingira. Unaweza kuanza kama teknishani chini ya mwenye leseni kamili, kisha ukapanda. Leseni inadumu miaka 3, na kabla ya kuihuisha lazima uwe umekaa darasani saa 24 za masomo ya nyongeza. Namba yako inaanza na LI, nayo inaandikwa pande zote mbili za gari la kazi kwa herufi zisizopungua inchi 2 kwa urefu. Kabla ya kuchimba unachora ramani na kuigonga muhuri wako. Mabomba yafukiwe chini ya udongo usiopungua inchi 6. Springla isikae karibu na sementi chini ya inchi 4. Ukanda wa majani wenye upana chini ya inchi 48 hauwekewi springla za kurusha maji hewani, maana nusu ya maji yataosha barabara. Mtambo unaojiwasha wenyewe lazima uwe na kifaa cha kuuzima mvua inaponyesha. Kazi ikiisha unatembea na mwenye nyumba hatua kwa hatua, unamwonyesha kila kitu, unamwachia ramani.

Msidhani basi kwamba huku ni peponi. Wanaochimba mitaro juani mwezi wa Agosti wengi wao ni Wamexico wanaoujua udongo wa hapa kumshinda aliye na muhuri, na hawana namba yoyote. Niliwahi kufanya kazi na bosi ambaye muhuri wake ulizunguka kwenye miradi ambayo hakuikanyaga. Sheria inakataza jambo hilo waziwazi, na lilifanyika tu. Leseni haimpi mtu uadilifu. Inachofanya ni kuhakikisha kwamba mambo yakiharibika kuna jina la kulitafuta.

Jina hilo ndilo linalokosekana kwetu. Ujuzi upo tele. Fundi wa Kampala anapasha bomba la plastiki motoni mpaka mdomo utanuke, anaingiza bomba la pili, na anaokoa bei ya soketi. Inspekta wa Dallas angezimia, lakini nimeziona kazi za namna hiyo zikidumu miaka. Shida inakuja fundi akishaondoka. Namba yake ya simu haipatikani, ramani haikuwahi kuwepo, na shamba boi anayefuata anagundua bomba lilipo kwa ncha ya jembe. Mwenye nyumba wa Muyenga, mtaa wa matajiri Kampala, aliyetoa mamilioni ya shilingi kwa kompaundi ya majani ya paspalam hajui hata koki ya kufunga maji iko wapi.

Hayo bado ni hasara ya pesa tu. Kinachonikosesha raha ni maji ya kunywa.

Springla nyingi zimezama katika majani. Zikizimwa, kichwa kinarudi chini, na juu yake kunabaki maji ya tope yenye mbolea, dawa ya wadudu, mkojo wa mbwa, na kwetu ongeza kinyesi cha kuku. Mabomba hayo mara nyingi yameungwa kwenye bomba lilelile linalopeleka maji jikoni. Presha ikiwa nzuri, maji yanatoka tu. Presha ya mtaani ikianguka ghafla, kwa sababu bomba kubwa limepasuka au wazima moto wamefungua maji chini ya kilima, bomba linaanza kuvuta. Linanyonya lile tope kupitia springla, linalirudisha ndani, na maji yakirejea tope hilo linaweza kutokea kwenye bomba la jirani ambaye hana hata jani moja la bustani. Ndiyo sababu Texas hairuhusu springla kuungwa na maji ya kunywa bila valvu, yaani kifaa cha kuzuia maji yasirudi nyuma.

Sasa fikirini. Katika mtaa wangu wa Dallas maji kukatika ni habari. Katika mitaa mingi ya Kampala na Arua ni Jumanne ya kawaida. Kila maji yanapokatwa, presha inashuka, na nyumba za bondeni zinavuta kutoka za mlimani. Hatari ambayo Mmarekani anaikinga kwa sababu huenda itamfika siku moja, sisi tunaishi nayo kila wiki, na wengi hawajaisikia. Mpira wa maji uliotumbukizwa kwenye pipa la dawa huku koki iko wazi unafanya kazi hiyohiyo bila springla yoyote.

Kinga yake kwetu ni rahisi kupita ya huku. Huku vifaa hivyo vikikaa juu ya ardhi lazima vifunikwe wakati wa baridi visigande. Februari 2021, Texas ilipoganda, viliharibika vingi mno. Sisi hatuna barafu. Tena nyumba nyingi tayari zina tanki. Tanki la bustani likijazwa na bomba ambalo mdomo wake unaning'inia juu ya ukingo, kwa nafasi isiyopungua mara mbili ya upana wa bomba lenyewe na kamwe si chini ya inchi 1, maji hayana njia ya kurudi. Bomba likianza kuvuta, litavuta hewa tu. Sharti ni kwamba tanki hilo liwe la bustani peke yake. Likiwa ndilo la jikoni pia, umeuhamishia uchafu ndani ya nyumba yako.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya kizungu. Lakini Uganda tayari inawapanga mafundi umeme kwa madaraja ya vibali vya ERA, mamlaka ya kusimamia umeme, na mchimbaji wa visima vya maji hufanya kazi kwa kibali cha serikali. Hata mkulima mdogo aliyeingia katika mpango wa Wizara ya Kilimo wa umwagiliaji mdogo alifungiwa vifaa na kampuni zilizochujwa kwanza. Shamba la nyanya limepata ulinzi ambao bustani ya hoteli haina, na hoteli ndiyo iliyoungwa na bomba la mji.

Leseni nzima kama ya Texas nisingeipeleka. Ada na madarasa ya Kiingereza yatawafungia nje mafundi wazuri, na wiki ya pili tutakuta namba za LI zikichapishwa Nasser Road, mtaa wa Kampala unaojulikana kwa hati za kughushi. Ningeanza na cheti cha aina ya Worker's PAS, kile kinachopima mikono ya mtu na si miaka yake ya shule, kikiwa na swali moja lisilo na msamaha: nionyeshe maji yako yanazuiwaje yasirudi. Halafu jina na simu ya fundi viandikwe kwa rangi kwenye tanki, na ramani, hata ya mkono, ibaki kwa mwenye nyumba.

Nani atakagua? Msoma mita wa NWSC, shirika la maji la taifa, tayari anaingia kwenye ua. Kuangalia kama bomba la springla limeungwa moja kwa moja na mita ni kazi ya dakika chache. Nilimwandikia hivyo mjomba wangu, fundi bomba wa siku nyingi Arua. Akajibu: "Mwanangu, umemwongezea yule kijana sababu ya kuniomba pesa ya chai." Sina jibu la kumshinda. Ila juzi kanitumia picha akiuliza kama mdomo wa bomba alilofunga uko juu ya kutosha. Nikamwambia auinue kidogo.