Mbwa wa orofa ya tatu na jirani anayeitwa mkorofi

Mpangaji anayelalamikia mbwa wa jirani hana jina zuri Nairobi. Akiandika kwenye kundi la WhatsApp la ploti, yaani la wapangaji wa jengo lake, kwamba usiku mzima hakupata usingizi, mmoja atamuuliza kama anataka wezi warudi. Mwingine atamshauri akanunue shamba Kajiado, ajenge peke yake, alale anavyotaka. Keateka, msimamizi wa jengo, anasoma yote na kunyamaza, kwa kuwa mwenye mbwa hulipa kodi tarehe moja bila kusukumwa. Wiki haiishi kabla mlalamishi hajageuzwa kichekesho cha ngazini, mtu wa kelele za chura.

Mwenye mbwa ana hoja nzito kuliko anavyodhaniwa, nami nitazifikia. Lakini nadhani mlalamishi ndiye asiyeeleweka.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika kaunti ya Nairobi, zaidi ya 6,200 kwa kila kilomita ya mraba, na walio wengi wanaishi nyumba za kupanga. Aliyewahi kuishi Roysambu au Kasarani anayajua majengo yenyewe: roshani inatazamana na roshani, na katikati kuna uwazi wa kuingizia hewa unaopandisha kila sauti kutoka chini hadi penye matangi ya maji. Humo ndani siku hizi kuna mbwa wa aina mbili. Yupo spitz, mbwa mdogo mweupe wa manyoya mengi, anayeachwa roshani kutwa nzima na bakuli la maji, na yupo mbwa mkubwa wa ulinzi aliyefungiwa bandani karibu na geti, asiyeona jua ila kupitia mbao, anayefunguliwa usiku. Wote wawili hubweka, kila mmoja kwa sababu yake.

Watu hupenda kusema kwamba mjini kuna kelele nyingi, matatu, makanisa, muezini, mabaa, sasa mbwa mmoja ni nini? Swali la haki, ila linachanganya mambo. Mvumo wa barabara ya Thika unazoeleka. Mtu huhamia pale akilalamika na baada ya mwezi halisikii tena gari. Kubweka hakuzoeleki hivyo. Ni mlio wa ghafla, mkali, na katikati yake kuna kimya ambacho hujui kitadumu dakika mbili au nusu saa. Kinachomchosha mtu kitandani ni kile kimya, kwa sababu sikio linakaa likingoja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele za makazini, lilitenga kabisa mambo haya mawili: kwa sauti inayoendelea lilipendekeza isizidi desibeli 30, kipimo cha ukubwa wa sauti, chumbani usiku, na kwa milio ya mmoja mmoja likaweka 45. Mbwa mwenye kifua akibweka karibu nawe hupita 80 bila taabu.

Sasa twende kwenye sheria. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya nyumba za makazi mchana na 35 usiku, na usiku wenyewe unaanza saa mbili na dakika moja. Mlalamishi akizisoma mara ya kwanza hufurahi. Thelathini na tano! Mbwa gani atabweka chini ya hapo? Furaha hiyo haidumu, kwa kuwa kikomo hicho ni wastani: saa 14 za mchana zinajumlishwa pamoja, na saa 10 za usiku vivyo hivyo. Tena usiku, kwenye ghorofa iliyo kando ya barabara, jiji lenyewe limeshapita 35 kabla mbwa hajafungua kinywa, kwa hiyo kipimo hakimtaji mkosaji.

Mchana ndipo penye ajabu zaidi. Chukua mbwa ambaye sauti yake ikifika dirishani kwako ni desibeli 70. Tuseme kwa saa zote 14 anabweka dakika tano tu ukijumlisha, na muda uliobaki ni kimya. Ukipiga hesabu ya wastani wa nishati ya sauti, unapata chini ya 48. Ndani ya sheria, mbwa raia mwema. Lakini zile dakika tano hazikuja kwa mkupuo. Zilikuja sekunde tatu tatu: bodaboda amesimama getini, mtoto amepanda ngazi, paka amepita ukutani. Dakika tano zikikatwa sekunde tatu tatu ni mara mia moja. Sasa mweke kwenye chumba hicho muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, au soja wa benki, au dereva wa lori aliyeingia alfajiri kutoka Malaba. Mtu huyo ameshtuliwa mara mia kati ya asubuhi na jioni, na karatasi ya vipimo inasema mtaa ni tulivu.

Narudi kwenye hesabu hii kila mara kwa sababu ndiyo inayomfanya mlalamishi aonekane mwongo. Majirani wanaokwenda kazini saa kumi na mbili na kurudi saa mbili usiku hawajasikia kitu. Mwenye mbwa hajasikia kitu. Hata ofisa akija na mashine yake ataondoka na tarakimu safi. Anayebaki na ushahidi ni mtu mmoja, na ushahidi wake ni macho mekundu.

Ajabu ni kwamba kanuni hizo hizo zina sehemu nyingine ambayo sioni ikitajwa kwenye mabishano ya ploti. Kanuni ya 3 inakataza kelele zisizo za lazima zinazosumbua utulivu wa wengine, kisha inataja mambo ya kuangaliwa kabla ya kuamua. Limo la saa, limo la ukaribu na makazi, limo la kama kelele inajirudia au inakatika na kurudi. Mwishoni kabisa kuna hili: kama kelele hiyo inaweza kudhibitiwa bila jitihada au gharama kubwa kwa anayeisababisha. Hapo mashine haihitajiki. Swali linatoka kwenye ukubwa wa sauti na kwenda kwenye ugumu wa kuizuia, na kwa habari ya mbwa jibu mara nyingi ni kwamba si vigumu.

Nimsikilize sasa mwenye mbwa. Mara nyingi ni mtu anayeishi peke yake, na wanawake hawakosi miongoni mwao, aliyewahi kurudi nyumbani akakuta kufuli limekatwa na televisheni haipo. Aliporipoti kituoni alipewa namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, na hadithi ikaishia hapo. Mbwa ndiye jibu pekee alilomudu. Ukimwambia amwondoe, unamwambia arudie hofu yake ili wewe ulale. Hilo si jambo dogo.

Pili, anaposema mbwa wake habweki, mara nyingi anasema kweli. Mbwa anayelia kwa upweke hulia mwenye mbwa akishatoka. Jioni ufunguo ukigusa kitasa anatulia, anatikisa mkia, anarukaruka. Mwenye mbwa anatuhumiwa kwa jambo ambalo hajawahi kulisikia kwa masikio yake, na tuhuma yenyewe anaikuta kwenye kundi la WhatsApp mbele ya watu arobaini. Nani asingekasirika? Hapa nakubali kwamba walalamishi hujiharibia. Mtu hukaa kimya miezi, akijaza kifua, kisha siku moja analipuka kwa herufi kubwa saa tisa usiku.

Tatu, malalamiko si ya kelele siku zote. Pengine ugomvi ulianzia kwenye maegesho ya gari au kwenye kamba ya kuanikia nguo. Pengine ni hofu tu ya mbwa, ambayo katika nchi yenye kichaa cha mbwa ni hofu yenye akili. Mtaa wenye Waislamu wengi una jambo lake pia: katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa sana pwani na Eastleigh, mate ya mbwa ni najisi, na mama anayepanda ngazi na watoto wake kwenda kuswali hataki kulambwa mguu. Hayo yote ni haki kuyazungumza, ila yazungumzwe kama yalivyo. Yakivikwa vazi la kelele, mwenye mbwa atamnyamazisha mbwa na bado atachukiwa, kisha atajiuliza alijisumbua kwa nini.

Na kuna notisi. Mwenye nyumba asiyetaka shida huchukua lalamiko moja, akamwandikia mwenye mbwa ahame mwisho wa mwezi, na diposti ikaliwa kwa kisingizio cha rangi ya ukuta. Mbwa mwenyewe, nyumba mpya ikikosa nafasi yake, anaachwa barabarani. Kwa hiyo mtu anayeona kila lalamiko kuwa mwanzo wa kufukuzwa haoni vitisho visivyokuwepo.

Hoja yake moja tu ndiyo siwezi kuikubali, nayo ni ile anayoitegemea zaidi: kwamba kubweka huko ndiko ulinzi. Mbwa anayebwekea kila kitu halindi mtu. Wiki ya kwanza majirani huchungulia dirishani. Wiki ya tatu wanavuta blanketi. Mwezi wa pili, mtu akiruka ukuta kweli na mbwa akabweka kwa uchungu wote alio nao, hakuna pazia litakalosogea, kwa sababu alibweka hivyo hivyo kwa muuza mandazi. Mwizi wa mtaani anajua jambo hili, pengine kuliko mwenye mbwa. Mbwa wa ulinzi anayefaa ni yule ambaye watu wakimsikia huamka, na mbwa huyo hapatikani kwa kumfungia mnyama bandani kutwa akichungulia miguu ya wapita njia. Aliyefungiwa hivyo anatengenezwa kuwa mwenda wazimu kidogo kidogo, kisha tunamwita mkali.

Wazo la mlinzi mpiga kelele lina mwisho mwingine ambao kila mtu anaujua na hautajwi mkutanoni. Nyama yenye sumu. Wezi huitumia kabla ya kuvunja, na majirani waliokata tamaa huitumia pia. Ni ukatili, ni kosa chini ya sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, na kipande kile kikianguka upande usiofaa wa ukuta kinaweza kuokotwa na mtoto. Simtetei anayefanya hivyo hata kwa nusu neno. Ninachosema ni kwamba ploti inayomcheka mlalamishi inamwacha bila mlango wa kugonga. Keateka kanyamaza, kundi limemcheka, mashine imesema mtaa ni tulivu. Wengi watahama kimya kimya. Yupo mmoja ambaye hatahama, na mwenye mbwa hamjui ni yupi.

Kwa hiyo mzigo naupeleka kwa mwenye mbwa, si kwa kuwa ni mbaya, bali kwa kuwa yeye ndiye mwenye ufunguo wa ile roshani. Kumwingiza mbwa ndani anapoondoka, kuziba kwa turubai au mkeka mahali anapochungulia ngazi, kumtembeza kabla ya kazi mpaka achoke, kumwachia mfupa wa kumshughulisha saa ya kwanza ambayo ndiyo ngumu zaidi: hakuna hapo kinachofika gharama ya kufuli jipya. Na kabla ya kubisha, aache simu yake kuukuu ikirekodi siku moja akiwa kazini. Atasikia mwenyewe.

Mlalamishi naye ana deni lake, dogo lakini la lazima. Aandike saa, kwa sababu "kila wakati" haimsaidii mtu aliyekuwa kazini. Arekodi sauti. Kisha apande ngazi jioni, agonge, aseme "shikamoo" au "habari ya jioni" kulingana na umri, na aeleze kwamba analala mchana. Kundi la WhatsApp liwe la tangazo la maji.

Serikali ya kaunti inaweza kusaidia kuliko inavyofanya. Mjadala wa kelele Nairobi huwa wa mabaa. Mwishoni mwa 2022 gavana Johnson Sakaja alitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku katika makazi, na jiji likabishana kwa wiki kadhaa. Mbwa hakutajwa. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeyaweka mikononi mwa kaunti mambo yote mawili, udhibiti wa kelele na utoaji wa leseni za mbwa. Mbwa ametajwa mle kwa jina. Leseni huzungumziwa kwa ajili ya chanjo ya kichaa, na ni sawa, maana karibu vifo vyote vya watu kutokana na ugonjwa huo duniani huanzia kwa mbwa. Ingeweza pia kuuliza mnyama analala wapi na nani hubaki naye mchana.

Kabla ya hapo kuna karatasi iliyo karibu zaidi, mkataba wa upangaji. Mingi niliyoiona ina moja kati ya mawili: mbwa ni marufuku, au mbwa hatajwi kabisa. Mwenye nyumba akitaka amani anaweza kuongeza kwamba mbwa anaruhusiwa, hataachwa roshani mwenye mbwa asipokuwepo, na lalamiko lenye saa na rekodi litajibiwa ndani ya wiki mbili kabla ya notisi yoyote kuandikwa. Mwenye mbwa analindwa na zile wiki mbili. Muuguzi analindwa na neno roshani.