Michoro ya Jumba la Mahakama Ipewe Neno la Kwanza

Jumba la mahakama la kale likihitaji ukarabati, wa kusikilizwa kwanza ni yule aliyelichora, hata kama amekufa zamani. Nasema hivi kwa sababu hapa Lubumbashi kila linapotajwa jengo la zamani, watu hugawanyika: hawa wanataka libomolewe, wale wanataka lipakwe rangi na kuwekewa madirisha mapya, basi. Mimi sikubaliani na upande wowote, hasa linapokuja suala la Palais de Justice yetu, yaani jumba letu la mahakama.

Tazameni yaliyowapata Wabelgiji wenyewe. Jumba la mahakama la Bruxelles lilichorwa na Joseph Poelaert. Ujenzi ulianza mwaka 1866, yeye akafariki mwaka 1879 bila kuliona limekwisha, likafunguliwa mwaka 1883. Linakalia mita za mraba zipatazo 26,000, na watu wa mtaa wa Marolles walihamishwa ili lipate nafasi. Huku wapo wanaoamini kwamba lilijengwa kwa mali ya Kongo. Tarehe zinakataa: mfalme wao Leopold II alitambuliwa kuwa mtawala wa Kongo mwaka 1885, jumba likiwa tayari limefunguliwa. Dhuluma aliyotufanyia ni nzito mno, na inastahili kusimuliwa kwa tarehe zake za kweli.

Septemba 1944, wanajeshi wa Ujerumani wakiukimbia mji, walilitia moto na kuba likaanguka. Baada ya vita likajengwa jingine, refu kuliko lile la Poelaert. Kisha, katika miaka ya 1980, kuta zikazungushiwa majukwaa ya vyuma ya mafundi. Yakakaa. Yakakaa mpaka yakaota kutu na kuhitaji matengenezo yenyewe. Aliyezaliwa wakati ule amepata watoto kabla ya kuuona uso wa jumba ukiwa wazi. Kwa sababu ya uzembe huo, wengine wakaanza kupendekeza mahakama zihamishwe na jumba lipewe kazi nyingine. Nawaunga mkono waliotaka libaki mahakama.

Sasa turudi kwetu. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ukapangwa kwa ubaguzi: Wazungu mjini, Waafrika kwenye cité, yaani mitaa yao ya pembeni, na katikati eneo tupu la kuwatenganisha. Mzee aliyeishi siku zile akikataa kulipenda jengo la mkoloni, namwelewa, na sitambishia. Lakini tangu uhuru wa 1960 ni letu. Watu wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Kamalondo ndio wanaokwenda mahakamani leo kudai kiwanja, urithi au mshahara wao.

Kinachoniuma ni namna tunavyokarabati. Usogelee ukuta wa matofali wa enzi zile, uuguse. Mara nyingi matofali yameunganishwa kwa chokaa, na ukuta wa namna hiyo unapumua. Fundi wa leo anaupiga plasta ngumu ya saruji, anapaka rangi ya mafuta, kazi inang'aa, wakubwa wanapiga picha. Mvua za Novemba zinaanza. Maji yanashuka kutoka kwenye mfereji wa paa ulioziba, yanaingia nyuma ya saruji, hayana pa kutokea. Haupiti muda rangi inatoa malengelenge. Ukigonga kwa kidole unasikia uwazi, na plasta inabanduka pamoja na uso wa tofali. Hapo ndipo utasikia: jengo limezeeka, tulibomoe!

Madirisha nayo ni vilevile. Dari ndefu, matundu ya hewa huko juu, barza yenye kivuli: wajenzi wa wakati ule walilijua jua la hapa. Ukiziba matundu na kuweka vioo vya aluminiamu, lazima ununue klimatizeri, mashine ya kupoza hewa, na umeme wenyewe unakatika kila mara.

Ninachoomba kinawezekana. Kabla ya ndoo moja ya saruji, watengeneze paa na mifereji. Rangi ije mwisho. Nyaraka nyingi za utawala wa kikoloni zimehifadhiwa Ubelgiji. Serikali iandike barua kuomba nakala za michoro, kisha wanafunzi wa ujenzi wa hapa walipime jengo chumba kwa chumba, wakilinganisha na karatasi. Mkataba wa fundi usainiwe baada ya hapo, na ubandikwe mlangoni wanapopita mawakili na wenye kesi, wasome wenyewe ni nini kitaondolewa na ni nini hakitaguswa.