Pia ya goti inapochomoka: tuulaumu msuli au mfupa?

Mtu ambaye pia ya goti imemchomoka mara mbili tatu huambiwa kwanza kwamba msuli wa ndani wa paja lake umelegea, kisha hupewa mazoezi. Ushauri huo si mbaya. Kwa wenye maumivu tu, ambao pia yao haijawahi kutoka mahali pake, mazoezi ndiyo tiba ya kwanza na mara nyingi hutosha. Kwa yule ambaye pia yake hutoka kabisa, hata hivyo, maelezo hayo humfanya aonekane mvivu kwa kasoro ambayo huenda imo katika umbo la mfupa wake.

Goti likinyooka, pia hukaa juu ya mfereji ulio mbele ya ncha ya chini ya mfupa wa paja, ikishikiliwa zaidi na kano za upande wa ndani. Goti linapokunjwa nyuzi 20 hadi 30 hivi, pia huzama mferejini, na ukuta wa nje, uliojitokeza kuliko wa ndani, huizuia isiteleze kando. Pembe ya mfereji, yaani ile iliyo kati ya kuta zake mbili, ikizidi nyuzi 145, ukuta huo huwa umebaki wa jina tu.

Mwaka 2005 watafiti Senavongse na Amis, huko London, walipima jambo hili kwenye magoti ya maiti, misuli ikivutwa kana kwamba inafanya kazi. Msuli wa ndani ulipolegezwa, ukinzani wa pia dhidi ya kusukumwa nje ulipungua kwa asilimia 30 hivi. Ukuta wa nje ulipochongwa ukawa bapa, ukinzani huo ulipungua kwa asilimia 70 goti likiwa limekunjwa nyuzi 30. Maiti hatembei, ni kweli, na mfupa uliochongwa maabara haufanani kabisa na uliokua hivyo tangu utotoni. Lakini tofauti ya 30 na 70 ni kubwa mno kufutwa na hoja hizo, hasa tukikumbuka kwamba daktari Dejour na wenzake wa Lyon, Ufaransa, mwaka 1994, waliukuta mfereji wenye kasoro kwa asilimia 85 ya wagonjwa ambao pia zao zilikuwa zikichomoka.

Upande wa pili, unaoulaumu msuli, una hoja mbili nzito. Mtafiti Powers na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba uzito wa mwili ukiwa juu ya mguu, mara nyingi ni mfupa wa paja unaojizungusha chini ya pia, na mzunguko huo hutawaliwa na misuli ya nyonga. Tena, kwa sungura wachanga ambao pia zao zilihamishwa, mfereji ulikua ukiwa bapa. Kwa hiyo mwendo nao huunda umbo.

Hoja hii ya pili, nionavyo, inazidi kulipa umbo uzito: mtoto anayekua akiwa na pia isiyotulia hapaswi kusubirishwa kwa mazoezi peke yake. Wala kuutambua mfereji bapa si kuagiza uchongwe, maana upasuaji huo huinua gegedu, tishu laini inayofunika mfupa kwenye kiungo, na kukata mfupa ulio chini yake, na wengi hutulia kwa kutengenezewa kano ya ndani pekee. Kinachohitajika ni picha ya eksirei ya goti iliyopigwa sawasawa kutoka ubavuni, ili umbo la mfereji lionekane, kabla mgonjwa hajarudishwa mazoezini mara ya tatu.