Masomo ya Sauti na Mwanafunzi Mwenye ADHD

Walimu wenye wanafunzi wa ADHD darasani, yaani wale ambao umakini wao huyumba upesi na ambao wengi wao hupata tabu kutulia au kusubiri zamu, hushauriwa mara kwa mara wawape masomo yaliyorekodiwa kwa sauti, ili yaliyowapita darasani wayasikilize tena kwa wakati wao. Wanaounga mkono ushauri huo husema unampa mwanafunzi nafasi ya pili; wanaoupinga huuliza vipi mtu anayeshindwa kumfuatilia mwalimu aliye mbele yake ataweza kuifuatilia sauti tupu. Kila upande una hoja ya haki. Kwa maoni yangu, linalopaswa kupimwa kwanza ni mzigo gani rekodi inamtua mwanafunzi huyu, na mzigo gani inamtwika.

Mzigo unaotuliwa ni mkubwa. Wanafunzi wengi wenye ADHD wana udhaifu katika uwezo wa kushikilia mambo machache akilini huku wakiyafanyia kazi. Mwalimu wa jiometri anaposema kwa mkupuo mmoja, “Chora mstari wa sentimita 8, tafuta nukta ya katikati, weka ncha ya bikari hapo, kisha chora duara linalopita kwenye ncha zote mbili za mstari,” mwanafunzi huyo anaweza kuuchora mstari bila kosa lolote, lakini anapoanza kutafuta nukta ya katikati, agizo la bikari limeshamtoka. Akinyoosha mkono huulizwa alikuwa wapi wenzake walipokuwa wakisikiliza, na akiulizwa hivyo mara kadhaa huacha kabisa kunyoosha mkono. Rekodi humwezesha kusimamisha sauti baada ya kila agizo, kulitekeleza, kisha kuendelea bila kumwomba mtu radhi.

ADHD pia mara nyingi huandamana na matatizo ya kusoma, ikiwemo disleksia, na kwa mwanafunzi wa namna hiyo kuisikiliza sura ya historia kunamwachia nguvu za kufikiria maana, nguvu ambazo vinginevyo zingeishia kwenye kuyatambua maneno. Tena sauti haimfungi mtu kwenye kiti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha wavulana wa miaka 8 hadi 12, ulionyesha kwamba wenye ADHD walifanya vizuri zaidi majaribio ya kumbukumbu walipokuwa wakijongeajongea kuliko walipotulia. Haukuchunguza masomo ya sauti, lakini unatosha kutufanya tusimzuie mwanafunzi anayetaka kusikiliza huku akitembea chumbani.

Upande wa pili una ushahidi wake. Utafiti mwingine, wa mwaka 2013, uliwalinganisha watu waliosoma kwa sauti, waliosoma kimya na waliosomewa kwa rekodi. Waliosikiliza tu ndio ambao mawazo yao yalihama zaidi. Hao hawakuwa wameteuliwa kwa kuwa na ADHD, na hilo linaongeza wasiwasi badala ya kuupunguza. Anayesoma akipotea, ukurasa unamsubiri, na jicho hurudi kwenye aya aliyoiacha. Sauti haisubiri. Katika rekodi ya dakika 40, mwanafunzi aliyezinduka na kukuta mwalimu ameshafika kwenye mada nyingine hana alama ya kumwonyesha alipopotelea; atarudisha nyuma kwa kubahatisha, atasikia tena asichokihitaji, na pengine atapotea mara ya pili kabla ya kufika alipokusudia.

Hapa ndipo naona kiini cha suala lote. Faida za rekodi, yaani kuianzisha mwenyewe, kuisimamisha na kuirudia, zinamdai mwanafunzi atambue kwamba amepotea, apange muda na aanze kazi pasipo kusukumwa, na hayo ndiyo mambo ambayo ADHD huyafanya magumu. Shule inayomkabidhi rekodi za muhula mzima na kumwacha nazo peke yake nyumbani imemwongezea mzigo, na asipozisikiliza atalaumiwa mara mbili: kwanza kwa kutosikiliza darasani, kisha kwa kuupuuza msaada aliopewa. Lawama hiyo ya pili inaniuma zaidi, kwa sababu humfanya mtoto aamini kwamba hakuna msaada unaomfaa.

Kwa hiyo ninaunga mkono masomo ya sauti kwa sharti kwamba yatengenezwe upya, badala ya kurekodiwa tu mwalimu akifundisha kipindi kizima. Kila kipande kibebe jambo moja, kisizidi dakika chache, kipewe jina linaloeleza kilichomo, na kiishie kwa swali ambalo mwanafunzi analijibu kabla ya kufungua kingine. Maandishi ya kipande hicho yawe mbele yake ili jicho lipate pa kurudi. Majuma ya mwanzo asikilizie shuleni, mwalimu akiwa karibu, ajifunze kusimamisha sauti pale tu anapohisi mawazo yamehama. Ustadi huo hufundishwa, hauji wenyewe. Wakubwa wa sekondari na vyuo wanaweza kuachiwa uhuru mapema zaidi, wadogo hapana. Na mwalimu amtake mwanafunzi aeleze kwa maneno yake alichosikia, mara kwa mara, kwani wapo ambao sauti haitawafaa hata ikitengenezwa vizuri namna gani, na hao wanastahili kutafutiwa njia nyingine mapema, kabla muhula haujaisha.