Mallory wa Night Key hakuwa mwizi
Makala inadai kwamba David Mallory, mvumbuzi mzee anayeigizwa na Boris Karloff katika filamu ya Night Key ya mwaka 1937, anageuka kuwa mhalifu sawa na genge linalomteka, na hapo sikubaliani na mwandishi hata kidogo. Ni kweli anaingia madukani usiku kwa kifaa chake cha kuzima king'ora, lakini hachukui hata senti moja: katika duka la miavuli, kwa mfano, miavuli inaachwa imefunguliwa, basi. Anachokilenga ni imani ya wateja kwa Ranger, mshirika wake wa zamani aliyetajirika kwa king'ora alichokibuni Mallory, kisha akamfunga kwa mkataba juu ya uvumbuzi wake mpya na kuuweka kabatini ili asiingie gharama ya kubadilisha mitambo. Mwandishi amelipita jambo hili upesi, ilhali ndilo kiini cha filamu yote, kwani mtego wa namna hiyo ulikuwepo katika maisha halisi: mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya kampuni mbili za mifuko ya karatasi, kwamba mwenye hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi, anaweza kuwazuia wengine kuutumia uvumbuzi hata kama yeye mwenyewe hautumii. Wizi unaanza pale genge linapokitia mkononi kifaa kile na kumlazimisha mzee, ambaye macho yake yanazidi kufifia, alitumikie. Wasomaji mlioitazama, mnadhani sheria ya wakati ule ilimwachia Mallory njia gani nyingine ya kudai haki yake?