Nchi ya hatari au saa ya hatari?

Likizo ya kuzunguka nchi ya kigeni, leo mji huu, keshokutwa mwingine, huzua mabishano hata kabla tiketi hazijakatwa. Mmoja wa wanaokwenda amesoma tahadhari za usafiri na usingizi umempaa. Mwingine ana jamaa aliyerudi huko majuzi mzima wa afya, simu imejaa picha, naye anaapa kwamba habari za uhalifu zimetiwa chumvi. Wanabishana kama nchi ile ni salama au la. Wote wawili wana hoja, ila wanaipima nchi wakati cha kupimwa ni ratiba yao.

Tuanze na mwenye hofu, maana ndiye anayechekwa zaidi. Tahadhari anazosoma si porojo. Tangu Januari 2018 Marekani huzipanga nchi katika ngazi nne, kuanzia tahadhari za kawaida hadi "usiende". Uingereza ina makatazo mawili mazito: epuka safari zote, au epuka safari zote isipokuwa za lazima. Nyuma ya maneno hayo kuna balozi na vyombo vya usalama vinavyoona mambo ambayo mtalii hawezi kuyaona kupitia dirisha la basi. Na mtu akizisoma mpaka mwisho, zinaeleza mengi kuliko rangi ya nchi kwenye ramani. Chukua Mexico: kwa miaka kadhaa jimbo la Yucatán limepewa ngazi ya kwanza, ile ile ya nchi tulivu kabisa, huku Tamaulipas na Sinaloa zikiwa ngazi ya nne. Anayesema Mexico ni hatari na anayesema Mexico haina shida, wote wawili wameishia kwenye kichwa cha habari.

Hata hivyo, tahadhari hizo zina udhaifu wake. Juni 2015 mtu mwenye bunduki aliua watalii 38 ufukweni karibu na Sousse, Tunisia, na 30 kati yao walikuwa Waingereza. Wiki chache baadaye Uingereza ikawashauri raia wake waepuke safari zisizo za lazima kwenda nchi hiyo, na ushauri huo ukadumu hadi Julai 2017. Ufaransa na Ujerumani hazikufika huko. Nchi ni ile ile, hukumu mbili. Ofisa anayeandika tahadhari anajua kwamba mtalii akiuawa yeye ndiye atakayeulizwa. Hakuna atakayemuuliza kuhusu likizo iliyofutwa bure. Kwa hiyo huandika kwa mkono mzito, na mimi simlaumu. Tena anaandika kwa ajili ya raia wake mwenyewe. Mahali ambapo Mmarekani anawindwa kwa sababu ya pasi yake, mtu wa taifa lingine anaweza kupita bila kuguswa, na kinyume chake pia hutokea.

Ipo sababu moja, hata hivyo, ya kutozipuuza hata ukiamini zimezidisha: bima. Sera nyingi za bima ya safari hubatilika pale msafiri anapoingia eneo ambalo serikali yake imelikataza. Mtu hulipia bima, akavunjika mguu katika wilaya iliyopigwa marufuku, ndipo anagundua kwamba amebeba karatasi tu. Na kumsafirisha mgonjwa kwa ndege kutoka mahali pasipo hospitali kubwa ni gharama ya kufilisi ukoo.

Sasa upande wa pili, wa yule mwenye picha nyingi. Hoja yake kuu ni kwamba watu huogopa kitu kisicho ndicho. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka. Mauaji ya kukusudia ni chini ya nusu ya idadi hiyo: makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2021 ni kama 458,000, na wengi mno kati yao ni watu wa pale pale walioingia katika ugomvi wa pale pale. Mtalii anayekesha akiwaza majambazi ndiye huyo huyo atakayepanda kiti cha nyuma cha gari bovu bila mkanda, usiku, kwa sababu nauli ilikuwa nafuu.

Iceland huwa kileleni mwa orodha ya nchi zenye amani duniani, lakini pale ufukwe wa mchanga mweusi wa Reynisfjara mawimbi yamewachukua na kuwaua watalii kadhaa. Vang Vieng, Laos, hutajwa kama mji wa starehe wa vijana wenye mabegi mgongoni; Novemba 2024 watalii sita walikufa baada ya kunywa pombe iliyochanganyika na methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu. Hakuna jambazi aliyehusika katika mojawapo ya vifo hivyo. Hapo mwenye picha anapata pointi zake kihalali.

Ila ushahidi wake wa pili, kwamba jamaa alikwenda na akarudi, ni mwepesi. Wanaosimulia ni waliorudi. Hata ukarimu wa wenyeji, ambao ni wa kweli karibu kila mahali, hausemi chochote kuhusu watu wawili au watatu katika mji mzima ambao kazi yao ni kumsubiri mgeni. Tazama Medellín, Colombia. Mwaka 1991 ulikuwa miongoni mwa miji yenye mauaji mengi kuliko yote duniani, zaidi ya 350 kwa kila wakazi 100,000. Leo kiwango hicho kimeshuka hadi sehemu ndogo sana ya kile cha zamani na watalii wamejaa. Pamoja na hayo, Januari 2024 ubalozi wa Marekani ulitoa onyo baada ya raia wake wanane kufa katika mazingira ya kutatanisha mjini humo ndani ya miezi miwili tu, Novemba na Desemba 2023, baadhi yao wakihusishwa na kukutana na watu kupitia programu za uchumba za simu. Mji umekuwa salama kuliko ulivyokuwa kwa miongo kadhaa, na papo hapo namna moja ya kuutembelea imekuwa ya hatari. Hiyo si hukumu kuhusu Colombia. Ni hukumu kuhusu saa fulani, mahali fulani, na mtu asiyemjua.

Na likizo ya kuzunguka ina saa za namna hiyo nyingi kuliko likizo nyingine yoyote. Basi limechelewa, linakushusha saa tano usiku kwenye kituo ambacho hujawahi kukiona. Simu imebaki asilimia nne. Begi kubwa liko mgongoni, dogo kifuani, na watu watatu wanakuita kwa mpigo, kila mmoja akidai teksi yake ndiyo rasmi. Hujui nauli halali, hujui hoteli iko upande gani, na ukitoa simu kuangalia ramani umetangaza vyote viwili. Mtu huyo huyo, siku tatu baadaye katika mji huo huo, anajua nauli, anajua mtaa upi hauna taa, na ana namba ya dereva aliyempeleka jana. Mji haukubadilika. Kilichopungua ni ugeni.

Ndiyo maana swali la kwanza ningeliuliza kuhusu idadi ya vituo. Ratiba ya miji 9 kwa siku 18 inanunua saa za hatari tisa, kila moja kama ile ya kituo cha basi. Ya miji minne inanunua nne, na siku zinazobaki zinatumika katika miji ambayo umeshaizoea. Wapo watakaosema ukikaa sana mahali pamoja, nyendo zako zinajulikana. Ni kweli, na mahali penye utekaji wa kudai fidia hoja hiyo ina uzito mkubwa. Lakini mahali pa namna hiyo kwa kawaida hapafai kuzungukwa kwa starehe hata kidogo. Kwingine kote, vibaka hawamsomi mtu nyendo zake kwa wiki nzima; wanachukua kilichoshuka kwenye basi sasa hivi.

Saa ya kufika nayo ni ya kuchagua. Kuingia mchana kunagharimu usiku mmoja wa ziada njiani au tiketi ya bei kubwa zaidi, na wapangaji wengi hubana matumizi hapo hapo. Ni kubana kubaya. Basi la usiku linaunganisha hatari mbili, barabara gizani na kuwasili alfajiri ukiwa umechoka. Anayejiendesha mwenyewe yuko katika hali hiyo hiyo: leseni ya kimataifa anaweza kuwa nayo, ya mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani wa 1949 au wa 1968, lakini karatasi hiyo haioni ng'ombe wala lori lisilo na taa. Kuhusu pikipiki za kukodi nitasema jambo moja tu: kama leseni yako ya nyumbani hairuhusu pikipiki, karibu kila bima itakukana siku ya ajali.

Kundi au peke yako? Hapa mizani inayumba kweli. Kundi lina kiongozi anayejua njia na dereva wa kuaminika, na saa zile za ugeni karibu zinaisha. Lakini kundi linaonekana kutoka mbali na ratiba yake haina siri. Huko Luxor, Misri, Novemba 1997, na katika jumba la makumbusho la Bardo jijini Tunis, Machi 2015, waliolengwa na magaidi ni watalii waliofika kwa mafungu pale ambapo kila mtu alijua watafika. Upande mwingine, Julai 2018 wapanda baiskeli wanne wa kigeni waliuawa barabarani Tajikistan, wakiwa kikundi kidogo kilichojipangia chenyewe. Magaidi hawana kanuni ya idadi. Kwa uhalifu wa kawaida, ambao ndio mwingi, naegemea upande wa watu wawili au watatu na mwenyeji wa kulipwa katika siku ngumu tu.

Mwanamke anayesafiri peke yake hana anasa ya kuyapima haya kama nadharia. Ushauri wa kutotoka usiku humnyima nusu ya safari, na mara nyingi huandikwa na mtu ambaye hajawahi kufuatwa mtaani. Anachohitaji ni taarifa kutoka kwa wanawake waliopita pale, mtaa kwa mtaa, na chumba chenye komeo la ndani.

Fedha pia zina saa yake. Katika miji kadhaa ya Amerika Kusini kuna utekaji wa muda mfupi: abiria wa teksi ya kudakwa barabarani anazungushwa kwenye mashine za ATM hadi kiwango cha siku kiishe, na wakati mwingine wanamshikilia mpaka saa sita ya usiku ipite ili kiwango kianze upya. Kadi ya benki ya kutembea nayo yenye fedha kidogo, na nyingine iliyofichwa hotelini, hupunguza hasara. Teksi iliyoitwa kwa simu huondoa tatizo karibu lote.

Usitegemee ubalozi kupita uwezo wake. Mkataba wa Vienna wa 1963, unaohusu mahusiano ya kikonseli kati ya nchi, unakupa haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe ukikamatwa, lakini ubalozi hauna namna ya kukutoa mahabusu wala kukulipia hospitali. Na kama taifa lako halina ubalozi huko, tafuta kabla ya kuondoka ni ofisi ya nchi gani ya jirani inayowahudumia raia wenu, maana ukiwa matatani hutakuwa na subira ya kutafuta.

Mabishano ya wale wawili bado yapo, na ratiba nzuri haiyamalizi yote. Ningewashauri wakubaliane kabla ya kulipa chochote ni jambo gani litawafanya wageuze: ngazi ya tahadhari kupanda, barabara fulani kufungwa, mmoja kusema tu kwamba hapapendi. Hilo la mwisho lisidaiwe sababu. Na kipande kimoja cha njia kikiwa hakipitiki ila kupitia eneo lililokatazwa, basi kikatwe, hata kama ndicho chenye mandhari yaliyowavutia wote mwanzoni. Wenye haraka ya kukitetea kipande hicho kwa kawaida ni wale walioshalipa amana ya hoteli.