Panda majani kwanza, mbuzi baadaye

Wanaotaka kuanza kufuga nyumbani huniuliza swali lile lile: nianze na mbuzi wangapi? Wengine huwa wameshapiga hesabu kabla hata ya kuuliza. Wawili watazaa, watoto nao watazaa, na baada ya miaka michache zizi limejaa. Nami huwarudishia swali: katika mwezi mkavu kuliko yote, eneo lako linatoa majani kiasi gani kwa siku? Wengi hukaa kimya, kwa sababu hilo hawajaliwaza. Msimamo wangu ni huu, na sioni kitakachoubadilisha: kwenye eneo dogo, idadi ya mifugo haiamuliwi na fedha ulizonazo wala ukubwa wa banda. Inaamuliwa na chakula cha kiangazi.

Tuchukue mbuzi mkubwa wa kilo 40. Kwa siku anahitaji chakula kikavu, yaani kile kinachobaki maji yakishaondolewa, cha asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake. Hiyo ni kilo 1.2 hadi 1.6. Sasa majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo ili afikie kiasi hicho itabidi umkatie kilo 6 au 7. Ongeza yale atakayoyaangusha na kuyasusa, weka 8. Mbuzi 5 ni kilo 40 kila siku, sikukuu zikiwemo, na kwa mwezi inapita tani moja. Tani hiyo lazima mtu aikate, aibebe na kuitia horini. Anayenunua mbuzi 5 bila kujua tani hiyo itatoka wapi ameununua ugomvi na majirani, kwa maana mbuzi mwenye njaa atajitafutia, na atajitafutia kwenye mahindi ya mtu.

Husemwa kwamba mbuzi hana shida, anakula chochote. Sikubaliani hata kidogo. Simama kando ya hori umtazame anavyokula. Hunusa kwanza. Kisha mdomo wa juu, ambao ni mwepesi ajabu, hulisogeza jani moja, hulipita la pili na kuchuma la tatu kwenye ncha laini ya tawi. Tawi likianguka chini na kukanyagwa, au likiguswa na mkojo, kwake limekwisha. Atalala na njaa kuliko kulirudia. Ng'ombe hufagia nyasi kwa ulimi, lakini mbuzi kwa asili ni mla majani ya vichaka na miti. Hupenda kula kichwa kikiwa juu, akisimama kwa miguu ya nyuma akipata nafasi. Ndiyo maana naona ni kosa kumfunga kwa kamba kwenye kiwanja cha nyasi fupi na kudhani amelishwa. Mfungie matawi kwenye mafungu, yaning'inize usawa wa kichwa chake, na utaona upotevu unavyopungua siku hiyo hiyo.

Ukilijua hilo, unajua pia cha kupanda. Uzio wenyewe uwe chakula: lusina, kaliandra, gliricidia, mforosadi. Miti hii ikishakomaa hukatwa na kuchipua tena, na mizizi yake hufika mahali ambapo nyasi hazifiki, kwa hiyo hubaki na majani wakati kila kitu kingine kimenyauka. Majani yake yana protini nyingi kuliko matete, yaani majani ya tembo. Lusina ina sumu ya asili iitwayo mimosini, inayoweza kunyonyoa manyoya na kudhoofisha mnyama, kwa hiyo isizidi theluthi moja ya chakula. Gliricidia mbuzi wengi huikataa mwanzoni kwa sababu ya harufu; ikate, iache inyauke kwa siku moja, kisha mpe kidogo kidogo mpaka aizoee. Matete nayo yana nafasi yake ya kujaza tumbo, ila yakatwe yakiwa kimo cha mita moja hivi. Yakipita hapo yanakuwa mabua, na mbuzi atakuachia mabua yako.

Kuna sababu nyingine ya kung'ang'ania majani ya juu, na hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana inaua mbuzi wengi ambao wangeweza kupona. Ni minyoo. Yupo mmoja hasa, Haemonchus contortus, anayekaa kwenye tumbo la mbuzi na kunyonya damu. Jike lake hutaga mayai kwa maelfu kila siku. Mayai hutoka na kinyesi, na kukiwa na joto na unyevu, ndani ya wiki moja hivi wameshakuwa viluwiluwi wanaosubiri kuliwa. Wengi wao hawapandi juu sana kwenye jani. Hukaa chini, sentimita chache kutoka ardhini, nao hupanda kwenye nyasi hasa asubuhi umande ukiwa bado haujakauka. Mbuzi wengi kwenye eneo dogo hula nyasi mpaka ardhini. Kumbe hapo wanavuna minyoo. Mwenye mbuzi analalamika kwamba dawa haifanyi kazi, wakati tatizo lilianza siku alipoongeza mnyama ambaye shamba halikuwa na jani lake.

Na kweli dawa nyingine hazifanyi kazi tena. Mazoea ya kunywesha zizi zima dawa ya minyoo kila mwezi, mgonjwa na mzima, yamezalisha minyoo sugu sehemu nyingi za dunia. Kila unapomnywesha kila mbuzi, minyoo inayosalia ni ile iliyoishinda dawa, na ndiyo inayozaana. Mimi natetea njia ya kumtazama mnyama kwanza. Mshike kichwa, bonyeza jicho taratibu kwa kidole gumba kupitia kope la juu, kisha vuta kope la chini. Utando wa ndani ukiwa mwekundu, damu ipo. Ukiwa wa waridi uliopauka au mweupe kama karatasi, huyo anahitaji dawa leo, si kesho. Uvimbe laini chini ya taya nao ni dalili ya kupungukiwa damu. Ipo kadi ya rangi iitwayo FAMACHA, iliyobuniwa na daktari wa mifugo wa Afrika Kusini, Faffa Malan, yenye viwango 5 vya kulinganisha na jicho. Haioneshi kila aina ya minyoo, ila kwa huyu mnyonya damu inasaidia sana. Utagundua kwamba ni mbuzi wachache tu wanaougua mara kwa mara, na hao usiendelee kuwazalisha.

Kuhusu chanjo sitarefusha. Sotoka ya mbuzi na kondoo ina chanjo nzuri inayokinga kwa miaka, na dunia imejiwekea lengo la kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo 2030, kama ilivyotokomeza sotoka ya ng'ombe mwaka 2011. Anayesema mbuzi wake hawatoki nyumbani asisahau kwamba ugonjwa huja na mnyama mgeni. Kila mgeni akae peke yake wiki 3 au 4 kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Vipi wanyama wengine? Kanuni yangu haibadiliki: ongeza mnyama anayekula kile ambacho mbuzi hakihitaji. Kuku wanafaa sana kwa sababu hujiokotea wadudu na punje. Wachanjwe tu dhidi ya kideri. Zipo chanjo za tone moja jichoni, zinazorudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Lakini chakula cha kuku kiwe mahali penye mlango unaofungwa. Mbuzi akivamia gunia la nafaka atakula mpaka ashindwe, nafaka itachacha tumboni na kuzalisha asidi, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Kondoo nao, wakikaa na mbuzi, wasilambe madini yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbuzi, kwa sababu madini ya shaba ambayo mbuzi anayahitaji humdhuru kondoo yakizidi. Sungura ni wazuri kwa mwenye nafasi ndogo, ila wanagombea majani yale yale laini, kwa hiyo nao waingie kwenye hesabu.

Beberu simshauri mtu mwenye majike wawili au watatu. Anakula mwaka mzima kwa kazi ya siku chache, na akibaki muda mrefu ataanza kuwapanda binti zake. Bora mkubaliane wafugaji kadhaa mtumie mmoja aliyepimwa ugonjwa wa kutupa mimba. Jike hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na mimba ni siku 150, kwa hiyo una uwezo wa kuchagua msimu wa kuzaa. Hili watu hulipuuza mno. Miezi 2 ya mwisho ya mimba na wiki za mwanzo za kunyonyesha ndipo jike anapohitaji chakula kingi kuliko wakati wowote. Zipangie mwanzo wa majani mapya, na vitoto vitapata dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ya kutosha. Dang'a hiyo waipate ndani ya saa chache za kwanza, kwani kitoto cha mbuzi huzaliwa bila kinga yoyote ya magonjwa kutoka kwa mama yake na huipata kwa kuinywa tu.

Madume wachanga watenganishwe na majike wakifika miezi 3, na wauzwe kabla kiangazi hakijaanza, wakiwa bado na nyama mwilini. Najua inauma kupunguza kundi ulilolihangaikia. Hata hivyo inauma zaidi kumtazama mnyama akikonda mbele yako huku ukijua ungeweza kumwepusha.

Kwa hiyo ukiniuliza uanze na wangapi, jibu langu ni hili. Mvua zikianza, zungusha miti ya malisho kwenye mpaka wote na uiache ikue karibu mwaka mzima. Wakati inakua, jenga banda lililoinuliwa, lenye sakafu ya mbao zilizoachana sentimita moja na nusu ili kinyesi kidondoke chini, nawe upate samadi ya kurudisha kwenye miti hiyo hiyo. Kiangazi cha kwanza kikifika, kata majani na uyapime kwa mizani bila kuwa na mbuzi hata mmoja. Gawanya kilo ulizopata kwa siku kwa 8. Ikitoka 2, nunua majike wawili wanaotoka kundi moja, wanaojuana tayari. Ikitoka 1, usinunue bado, maana mbuzi hawezi kuishi peke yake. Panda mstari wa pili.